Kutembea na Watoto Kisiwani Saanane: Mwongozo Kamili wa Matembezi ya Nusu Siku

Familia nyingi za Mwanza hukiona Kisiwa cha Saanane kila siku kutoka barabarani, kikiwa takriban kilomita mbili tu kutoka katikati ya jiji, na miaka inapita bila hata mmoja wao kukanyaga huko. Nami niliishi hivyo kwa muda mrefu. Leo nikiulizwa na mzazi mwenzangu mahali pa kumwanzishia mtoto matembezi ya porini, sitaji mahali pengine kabla ya hapo, kwa kuwa kisiwa ni kidogo, vijia vyake vinaeleweka, kina vivuli vya miti, kina mlima mmoja mfupi wenye mandhari ya kumlipa mtoto jasho lake, na familia inaweza kurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Kisiwa hiki kilikuwa mali ya Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, na ndiye aliyekiachia jina. Mwaka 1964 kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mwaka 1991 kikawa pori la akiba. Na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilomita za mraba 2.18, ukijumlisha visiwa vidogo vitatu na maji yanayovizunguka. Kwa sababu hiyo huendi huko kama unavyokwenda ufukweni, bali unaingia hifadhini, pamoja na taratibu zake za malipo, boti na askari wa hifadhi.

Jambo moja naliomba lishikwe tangu mwanzo hadi mwisho: matembezi haya hupangwa kwa mguu wa mtoto aliye mdogo kuliko wote. Uamuzi wa saa ya kuvuka, wa mzigo, wa mahali pa kupumzika na wa mahali pa kugeuza hutoka kwake, hata kama kaka zake wana nguvu ya kuzunguka kisiwa mara tatu.

Kuchagua siku na saa

Mwanza hupata mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na za masika kuanzia Machi hadi Mei. Kwa mara ya kwanza chagua kipindi cha kiangazi, Juni hadi Septemba, kwa sababu mwamba mkavu na mwamba uliolowa ni vitu viwili tofauti kabisa chini ya kiatu cha mtoto. Hata hivyo kiangazi kina upepo wake, na ziwa huweza kuchafuka jua likiwa linawaka. Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ukiwa makini zaidi na sehemu inayohusu upepo na mawimbi ya Ziwa Victoria kuliko ile inayohusu mvua.

Kuhusu saa sina ushauri wa pili: nendeni asubuhi. Lengeni kufika Capri Point, sehemu ya ufukweni mwa jiji zinakoondokea boti, saa mbili, mkiwa mmeshakunywa chai nyumbani, ili mpande wakati mwamba bado una ubaridi wa usiku na mrudi kabla au karibu na saa sita. Asubuhi maji huwa yametulia zaidi mara nyingi, na wanyama nao hutembea kabla ya joto kuwasukuma vivulini.

Nilijifunza hilo kwa gharama ya mwanangu. Mara ya kwanza tulivuka saa sita mchana, baada ya asubuhi nzima ya kutafuta vitu dukani. Binti yangu alikuwa na miaka minne, miguuni ana kandambili. Tulipofika kwenye mwamba wa kwanza ulio wazi, kandambili moja ikamvuka, akakanyaga jiwe kwa wayo mtupu, akaurudisha mguu juu upesi na kubaki amesimama kama korongo, akilia bila sauti. Nilimbeba mgongoni njia yote ya kurudi, na mlima hatukuuona. Mtoto hakuwa na kosa lolote siku ile. Kosa la saa niliyochagua na la viatu nilivyomvalisha lilikuwa langu.

Wiki moja kabla ya safari

Fikeni au pigeni simu katika ofisi ya hifadhi iliyopo Capri Point, mkaulize mambo manne: viingilio vya siku hizo, nauli ya boti, saa ya boti ya kwanza, na kama wana majaketi okozi ya ukubwa wa watoto. Viingilio hubadilika, hivyo usitegemee kiasi alichokuambia jirani aliyekwenda mwaka juzi. Raia hulipa kiwango cha chini kuliko mgeni, kwa hiyo kila mtu mzima abebe kitambulisho chake; watoto walio chini ya miaka 5 hawalipiwi kiingilio, na walio kati ya miaka 5 na 15 hulipiwa kiwango cha watoto. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo kupitia simu au benki, si kwa noti mkononi, hivyo hakikisha salio lipo kabla hamjatoka nyumbani.

Wiki hiyohiyo watembezeni watoto kwa majaribio. Mwanza ni Jiji la Miamba, na karibu kila mtaa una kilima cha mawe nyuma ya nyumba. Pandeni kilima cha karibu jioni moja, kwa viatu vilevile mtakavyovaa siku ya safari. Mtakachogundua hapo ni chenye thamani: kiatu kinachobana kidole, mtoto anayeogopa kushuka ingawa anapenda kupanda, na muda halisi ambao mdogo hutembea kabla ya kuomba kubebwa. Ikiwa ni dakika ishirini, basi hizo ndizo dakika zenu.

Viatu, mavazi na kikapu

Kiatu kifunike kidole, kishike kisigino na kiwe na soli ya mpira yenye meno ya kushika. Raba za shule zinatosha kabisa. Hakuna haja ya kununua buti. Soli iliyolainika kwa kuvaliwa sana ndiyo ya kukataa, hata kama kiatu kwa juu bado kinapendeza. Suruali ndefu nyepesi hulinda magoti dhidi ya mwamba, ambao ni mkavu na mkali kama kikwaruzio cha nazi, na pia hulinda miguu dhidi ya miiba na kupe. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na karibu na Ikweta, kwa hiyo jua lake huunguza ngozi hata siku yenye ubaridi wa upepo. Kofia pana ni ya lazima, yenye kamba ya kufunga kidevuni, maana kofia isiyo na kamba huishia ziwani kabla boti haijafika nusu ya njia.

Maji ya kunywa kadirieni lita moja kwa kila mtoto na lita moja na nusu hadi mbili kwa mtu mzima. Mtoto anywe kidogokidogo kila mnapopumzika, bila kungoja aseme ana kiu.

Kwa chakula, naona hakuna kilichotengenezwa kwa safari kama hii kupita matobolwa. Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani, havivuji, haviozi kwa joto, havihitaji kijiko, na mtoto hutafuna kipande kimoja kwa muda mrefu huku utamu ukimrudishia nguvu. Ongezeni karanga, mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu. Samaki waacheni nyumbani, kwa kuwa huharibika upesi na harufu yake huwaita tumbili. Kila kitu kiwekwe katika begi la mgongoni linalofungwa kwa zipu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hifadhini haifai hata kidogo. Beba pia mfuko wa kitambaa wa kurudishia maganda na takataka, pamoja na plasta, kitambaa safi cha kufungia jeraha, sabuni, na nguo moja ya kubadili kwa kila mtoto.

Kufika Capri Point na kuvuka

Kutoka katikati ya jiji, barabara ya kwenda Capri Point inafuata ufuko, karibu na gati la kivuko cha Kamanga na Jiwe la Bismarck, lile jiwe kubwa lililosimama majini ambalo limekuwa kama nembo ya jiji. Mkiwa na watoto wawili au zaidi, chukueni bajaji au teksi. Bodaboda moja iliyobeba mzazi, watoto na begi ni hatari kubwa kuliko yoyote mtakayoikuta kisiwani.

Hatua ya boti ndiyo ninayotaka isomwe polepole. Uvukaji wenyewe ni mfupi, kama robo saa hivi, na ufupi huo ndio unaowafanya watu wazembee. Watu wa Kanda ya Ziwa tunajua maji haya. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na mamia ya watu wakapotea. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikikaribia Ukara, nchi kavu ikiwa inaonekana, na zaidi ya watu 200 wakafariki. Ukaribu wa nchi kavu haumsaidii mtu asiyejua kuogelea.

Kwa hiyo kila mtu, mkubwa na mdogo, avae jaketi okozi akiwa bado gatini, kabla mguu haujagusa boti. Jaketi la mtoto lipimwe hivi: mvalishe, funga vifungo vyote na ukaze mikanda, kisha mwambie ainue mikono yote miwili juu. Simama nyuma yake, shika jaketi kwenye mabega, ulivute juu taratibu. Likibaki mahali pake, linamfaa. Likipanda hadi kufunika kidevu na masikio, ni kubwa mno, na akianguka majini atachomoka kwa chini huku jaketi likielea peke yake. Omba jingine dogo. Kama lina mkanda wa kupita katikati ya mapaja, ufunge, usiuache unaning'inia. Lisipopatikana linalomtosha, msivuke siku hiyo, hata kama malipo yamekwisha kufanywa na watoto wamevaa nguo za sikukuu.

Mzazi mmoja atangulie kuingia, apokee watoto mmojammoja, na mzazi wa pili aingie mwisho. Watoto wakae katikati ya boti, makalio yakiwa kwenye benchi na mikono ndani, na pasiwepo wa kusimama kupiga picha. Hesabuni watu, kama boti inaonekana kujaa kupita nafasi zake, semeni bila aibu kwamba mtasubiri zamu inayofuata. Mkifika, kaeni mpaka nahodha aseme boti imefungwa.

Kutembea kisiwani

Mtapokewa na askari wa hifadhi. Mwambieni mapema umri wa watoto na kwamba mnataka njia fupi yenye vivuli, kisha mlima kama nguvu zitaruhusu. Yeye hutangulia, watoto hufuata, na mtu mzima mmoja hubaki nyuma ya wote, bila kubadilishana nafasi hiyo na mtoto hata kwa dakika moja.

Anzeni polepole kuliko mnavyotaka. Watoto hukimbia dakika kumi za kwanza na kulipa deni hilo katika saa ya pili. Mimi humpa mdogo kazi ya kuweka mwendo, yaani yeye ndiye anayemfuata askari na sisi sote hatumpiti, na tangu nianze kufanya hivyo sijasikia tena lile swali la kama bado tuko mbali. Pumzikeni kila baada ya robo saa au dakika ishirini, kivulini, muda wa kunywa maji na kutafuna kipande kimoja tu.

Miamba ya hapa ni graniti ya kale mno, ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na mtoto lazima atauliza ni nani aliyepanga mawe makubwa juu ya mengine. Jibu ni zuri na analielewa: mawe hayo yalikuwa mwamba mmoja ardhini, wenye nyufa, maji yakapenya katika nyufa, yakalainisha kingo kwa muda mrefu usiohesabika mpaka vipande vikawa vya mviringo, kisha udongo uliokuwa katikati ukachukuliwa na mvua, yakabaki mawe yamekaa juu ya mengine kama mayai kwenye sinia.

Mwamba pia husomeka kwa rangi zake. Michirizi myeusi inayoshuka ubavuni ni njia ya maji ya mvua, yenye utando unaoteleza sana ukilowa, na hapo pasikanyagwe. Michirizi myeupe ni mikojo ya pimbi iliyokauka, nayo inawaambia kuwa mkinyamaza kidogo mtawaona wenyewe, wamejipanga kwenye ukingo wakiota jua, wakubwa kama sungura lakini nasaba yao iko karibu na tembo.

Penye mteremko wa kupanda, fundisheni kanuni moja tu: viungo vitatu viwe vimeshika mwamba muda wote, ama mikono miwili na mguu mmoja, ama miguu miwili na mkono mmoja. Kushuka ndiko kugumu. Mtoto akae chini, uso ukiangalia bondeni, ajisogeze kwa makalio na viganja, huku mzazi akiwa chini yake na si juu yake. Sehemu ambazo gamba jembamba la jiwe limeachana na mwamba hutoa mlio mtupu ukizigonga kwa kisigino, zipiteni pembeni.

Msiharakie kileleni. Kuna mjusi wa miamba ya Mwanza ambaye dume lake lina kichwa na mabega ya rangi nyekundu ya waridi na mwili uliobaki wa buluu iliyoiva. Binti yangu, safari ya pili, alilala kifudifudi kumtazama mmoja aliyekuwa umbali wa hatua tatu hivi. Mjusi akainua kifua kwa miguu ya mbele, akakishusha, akakiinua tena, kama askari anayeadhibiwa. Mtoto naye akaanza kufanya vilevile juu ya jiwe. Walikaa hivyo, wanatazamana, muda mrefu kuliko tuliotumia kupanda kilele, na sikuona sababu ya kumwambia tuondoke. Juu ya maji tazameni mdiria mweupe na mweusi akisimama hewani kwa kupiga mbawa papo hapo kabla ya kujitupa majini, na mitini tazameni furukombe mwenye kichwa cheupe, ambaye mlio wake mtausikia kabla ya kumwona. Swala pala hupatikana, lakini ni wa kutazamwa kwa mbali.

Tumbili wanahitaji onyo lao peke yao. Msiwalishe, hata ganda. Tumbili aliyewahi kulishwa hujifunza kupora, na anayeporwa kwanza ni mtoto mdogo kwa kuwa mkono wake uko chini. Akiwakaribia, fungeni begi, simameni pamoja, mtoto awe katikati, msimkodolee macho wala msikimbie.

Kileleni, ghuba yote hulala chini yenu, jiji upande mmoja na maji yasiyo na mwisho upande mwingine. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hapo ndipo mtoto anapoelewa ukubwa huo bila kufundishwa. Asisimame ukingoni, akae. Picha zipigwe akiwa ameketi. Mkisikia ngurumo, hata ya mbali, teremkeni mara moja, na msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Mdogo akianza kujikwaa mara kwa mara, au akinyamaza ghafla baada ya kuzungumza asubuhi yote, geuzeni, hata kilele kikiwa mbele ya macho. Mtoto aliyechoka hujikwaa zaidi akishuka kuliko akipanda.

Ufukweni

Hapa huwa kuna mabishano, maana watoto wana joto na maji yanang'aa. Msiwaruhusu kuingia, hata kwa kuosha miguu tu. Kuna mamba katika ziwa hili, lakini sababu ya karibu zaidi ni kichocho: konokono wa maji hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi ndani ya dakika chache, bila jeraha na bila mtoto kuhisi kitu. Oneni maji kutoka juu ya jiwe lililo mbali na ukingo. Wakitaka kunawa, tumieni maji mliyokuja nayo.

Likitokea jambo

Jeraha la kuchubuka lioshwe kwa maji safi na sabuni, lifunikwe. Nyoka wapo, na kwa kawaida hukimbia vishindo; akitokea kumuuma mtu, msikate, msinyonye, msifunge kamba. Mtulizeni, kiungo kilichoumwa kisitembezwe, abebwe hadi kwenye boti, kisha hospitali moja kwa moja, Sekou-Toure au Bugando. Askari wa hifadhi ndiye wa kwanza kuambiwa. Kwa dharura nyingine mkiwa mjini, 112 ni polisi na 114 ni zimamoto na uokoaji.

Baada ya kurudi

Majaketi yasivuliwe mpaka mmeshuka gatini. Nyumbani, wavueni watoto nguo zote na mtafute kupe nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti na kiunoni. Kupe atolewe kwa kibano kilichoshika karibu kabisa na ngozi, avutwe moja kwa moja bila kuzungushwa, na mahali pale paoshwe kwa sabuni. Viatu vianikwe kivulini, si juani, ili soli isipasuke.

Na ikiwa, pamoja na maonyo yote, mtoto alilowa maji ya ziwa, mkaushe kwa kumsugua na taulo mara hiyohiyo na uandike tarehe. Akipata muwasho wa ngozi siku chache baadaye, au homa, maumivu ya tumbo au damu katika mkojo wiki kadhaa baadaye, mpeleke kituo cha afya na umweleze mganga tarehe hiyo na ziwa hilo, ili apime kichocho mapema badala ya kuanza kwa kukisia malaria.